Mzee, Wewe Ulikuwepo?

Mpigaji simu akianza kwa "kila mtu anajua kwamba", mimi humwacha amalize, halafu namuuliza: wewe ulikuwepo? Simuulizi kwa kumkejeli. Miaka ya kuendesha kipindi cha mazungumzo ya asubuhi kwenye redio ndogo hapa Mombasa imenifundisha kuwa swali hilo hubadilisha mwenendo wa simu nzima. Asiyekuwepo atasema, "Hapana, nilihadithiwa na marehemu babu," nami nitamuuliza babu alikuwa wapi wakati huo, akifanya kazi gani, mwaka gani. Aliyekuwepo husita kidogo, sauti ikashuka, kisha akaanza kusimulia. Hapo hata fundi mitambo huweka simu yake chini akasikiliza.

Nataka kueleza nilivyolifikia swali hilo, kwa sababu naona vijana wengi wanaingia kwenye vipindi vya mazungumzo wakidhani kazi yenyewe ni kuchochea: umlete mwanasiasa huyu na hasimu wake, uwaache warushiane maneno, kisha ufungue simu wananchi waendeleze ugomvi. Kipindi cha namna hiyo hujaa simu, sikatai. Lakini kikiisha, msikilizaji wa Mtongwe hana jambo jipya alilolipata tangu alipoamka.

Mimi nilianza kuelewa kwa sababu ya maji. Aliyeishi Mombasa anajua. Mifereji hukauka, wenye mikokoteni wakapandisha bei ya mtungi wa lita 20, na asubuhi laini za studio hazipumziki. Kwa muda mrefu mada hiyo ilikuwa na mwendo mmoja tu. Mpigaji analalamika, mgeni kutoka ofisi husika anaahidi, mpigaji mwingine anasema ahadi tumezizoea, muda unaisha. Basi asubuhi moja akapiga mzee wa Changamwe. Akatoa salamu kamili, akamjulia hali mgeni, akaniuliza na mimi nimeamkaje, kisha akasema: "Mwanangu, hayo maji mnayoyagombania, mnajua yanatoka wapi?"

Kumbe katika ujana wake alikuwa fundi wa mabomba. Akaianza safari ya maji tangu mwanzo: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, ambako mvua iliyozama kwenye miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu huibuka ikiwa safi, kisha bomba lililojengwa miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200 hadi kufika huku, maji yakija kwa nguvu ya mteremko. Akaeleza kwamba kabla ya Mzima mji ulikuwa ukitegemea Marere, kule milima ya Shimba. Akaeleza visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, ambako maji lazima yasukumwe kwa pampu, na ndiyo sababu umeme ukikatwa huko, mtu wa Kisauni hufungua mfereji akapata upepo.

Nikamuuliza: mzee, wewe ulikuwa ukifanya nini hasa? Akasema walikuwa wakitembea na laini, watu wawili watatu, na mfuko wa spana na nyundo, wakilala kambini. Kila baada ya mwendo fulani kulikuwa na vali ya kutolea hewa, na kazi yake ilikuwa kuisikiliza. Anainama, anaweka sikio, anasikia kama inapumua sawasawa. Siku za kiangazi ndovu walikuwa wakiyanusa maji ndani ya bomba na kuja kulisumbua, na wao wanasubiri mbali hadi wanyama waondoke ndipo watengeneze palipovunjika. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti hata mara moja. Akamalizia: "Lile bomba lilitengenezwa kwa mji wa wakati ule. Mji umekua, bomba ni lile lile."

Simu zilizofuata zilikuwa za aina nyingine kabisa. Mtu wa Voi akasema bomba hilo linapita kwao na wapo majirani zake wanaoteka maji kwenye mabwawa ya mifugo. Mama wa Likoni akataka kujua mradi wa bomba la pili la Mzima, unaotajwa kila uchaguzi, umefika wapi. Mgeni wetu, aliyekuja na majibu yake ya kawaida, akajikuta anaulizwa na watu wanaojua maji yanatoka wapi na yanakwamia wapi. Alijibu vizuri kuliko siku zote, nami nampa haki yake. Watu wakiuliza swali lenye miguu, hata ofisa hupata nafasi ya kusema ukweli.

Tangu hapo sikuweza tena kutenganisha habari za leo na historia. Tulikuwa na kipindi cha habari na, siku nyingine ya wiki, kipindi cha historia, nikaomba tuvichanganye. Mjadala wa reli mpya iliyofunguliwa 2017, na ile amri ya makontena kupelekwa Nairobi kwa treni iliyowaumiza wenye malori na wafanyakazi wa Changamwe na Miritini hadi ikaondolewa Septemba 2022, hauwezi kueleweka kama hujui kwamba mji huu umeishi kwa bandari yake karne na karne, na kwamba makuli wa hapa waligoma Januari 1947 hadi mji mzima ukasimama. Ule mgomo ulioongozwa na Chege Kibachia na wenzake wa chama cha wafanyakazi cha African Workers' Federation haumo vichwani mwa vijana wanaopiga simu kuhusu kontena. Lakini hofu wanayoizungumza, ya mtu aliye mbali kuamua mkate wa mtu wa bandarini, ni ile ile.

Mada ngumu kuliko zote kwangu imekuwa ile ya Mwambao, yaani ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar kabla ya uhuru. Miaka ya kuelekea 2013 uvumi ulienea pwani yote kwamba Kenya ilikodishwa ukanda wa maili 10 kwa miaka 50, na kwamba mkataba ulikuwa unakaribia kwisha. Vijana walipiga wakiwa na hakika kabisa. Wakati huo kauli ya "Pwani si Kenya" ilikuwa imeandikwa kwenye kuta, na kikundi cha MRC (Mombasa Republican Council), kilichotaka pwani ijitenge na Kenya na kilichopigwa marufuku 2010, kilikuwa kimeshinda kesi Mahakama Kuu ya Mombasa Julai 2012. Watangazaji wengi waliikwepa mada hiyo. Niliwaelewa, maana ni rahisi mtu kuitwa mchochezi. Lakini nilihisi kuwa tukinyamaza, uvumi utabaki peke yake hewani.

Tulichofanya ni kusoma. Tulitafuta makubaliano ya Oktoba 1963 na barua ambazo Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu wa Kenya, alibadilishana na Mohammed Shamte wa Zanzibar, tukazisoma kwa Kiswahili, pole pole, ibara kwa ibara. Hakuna miaka 50 humo. Kodi ilikuwepo zamani, ile pauni 11,000 kwa mwaka ambayo Waingereza walikuwa wakimlipa Sultani, lakini makubaliano ya 1963 yalisema ukanda huu unakuwa sehemu ya Kenya moja kwa moja Kenya ikipata uhuru. Na zipo ahadi: uhuru wa kuabudu, mahakama za Kadhi kuendelea, watoto wa Kiislamu kuendelea kufundishwa Kiarabu, sehemu za Waislamu kupewa maofisa Waislamu kadiri iwezekanavyo, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa kutambuliwa.

Ukaja wakati wa simu. Mzee wa Mji wa Kale akasema yeye wakati huo alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani na kila alipokwenda kuogelea aliiona bendera nyekundu ya Sultani juu ya Ngome ya Yesu. Nyumbani kwao, baba yake alikuwa upande wa waliotaka Mwambao ujitawale na mjomba wake alikuwa wa chama cha KADU cha Ronald Ngala, na chakula cha jioni kililiwa kimya. Akasema iliposomwa ile ahadi ya hati za ardhi, baba yake alitulia. "Alisema, basi, nyumba yetu imesalimika."

Mara baada yake akapiga mama mmoja wa upande wa Kwale. Alianza kwa Kiswahili, akateleza akaingia Kidigo, akarudi. "Ndugu mtangazaji, hiyo ahadi iliyomtuliza baba yake huyo mzee wangu, na namheshimu, ndiyo iliyotumaliza sisi. Hati zilizosajiliwa zilikuwa za nani? Sisi tulikuwa tunalima tu, babu na bibi. Nani alituandikia hati?"

Studio ilikuwa kimya kwa muda ambao mkuu wangu angesema ni mrefu mno kwa redio. Sikuujaza kwa maneno. Kisha nikaeleza ninachokijua: kwamba sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai ukanda wa pwani alipeleke na kulithibitisha, na palipokosa mwenye hati pakawa ardhi ya Serikali ya Kifalme, na hivyo watu wa Mijikenda waliokuwa wakilima kwa desturi zao wakageuka kuwa wanaoitwa leo maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Yule mzee wa Mji wa Kale akapiga tena. Alikuwa amesikiliza. Akasema: "Mwambie mama huyo sikuwa nikilijua hilo. Nimeishi hapa miaka yote hii na sikulijua."

Simu ya yule mama ndiyo iliyonifunza kwamba kuwepo peke yake hakutoshi. Wote wawili walikuwa wakisema kweli ya nyumba zao, na ibara ni moja. Kwa hiyo siku hizi baada ya "ulikuwepo?" huja "ulikuwa umesimama upande gani?" Na tukiwa na mada inayogusa ardhi, dini au kabila, hatuanzi hadi tuwe na shahidi wa pande mbili za kivuko. Mashahidi pia hukosea, mtu akitaja mwaka au jina, mwenzangu anayepokea simu hulitafuta palepale, na lisipolingana namrudia kwa adabu: "Mzee wangu, je, haikuwa kabla ya hapo?" Wengi hushukuru. Wanataka kumbukumbu yao iwe sawa kuliko unavyodhani.

Sababu ya kushika utaratibu huu kwa nguvu ni kwamba najua redio inaweza kufanya nini. Hatuhitaji kwenda mbali. Redio ya RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Kigali Julai 1993, kwa muziki mzuri na mazungumzo ya kuchekesha, na mwaka uliofuata sauti zile zile zilikuwa zikielekeza watu wakawaue majirani. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake 2003. Hapa kwetu, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi ikasitishwa Aprili 2016 bila kutiwa hatiani. Sisi tunaokaa mbele ya kipaza sauti tulijifunza kutokana na kesi hiyo yote, kwamba neno la hewani lina anwani. Na pwani tuna kidonda chetu wenyewe. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu zaidi ya 100 wakauawa katika ghasia zilizofuata, na maelfu, wengi wao watu wa bara, wakakimbia makwao. Wanaopiga simu wakitaja siku zile bado hutetemeka sauti. Mtu wa namna hiyo simkatizi kwa tangazo la sabuni.

Redio kubwa zina mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde kadhaa ili neno baya likatwe kabla halijatoka. Sisi hatuna. Tulichonacho ni mwenzangu kwenye simu, na yeye ndiye moyo wa kipindi ingawa jina lake hulisikii. Kabla ya kukuunganisha anaandika jina lako, mtaa wako na hoja yako kwa neno moja au mawili. Anakwambia uzime redio yako, la sivyo utajisikia mwenyewe kwa mwangwi na utachanganyikiwa. Wakati huo huo anakusikiliza: umetulia au una hasira, umejipangia au umeandikiwa.

Wa kuandikiwa wapo, hasa miezi ya kampeni. Sauti moja hupiga leo ikijiita ya Bamburi, kesho ya Jomvu, na nyuma yake unamsikia jogoo yule yule na redio ile ile ya jirani. Maneno yao yana mpangilio wa aina moja, "kwa niaba ya wananchi wa eneo hili tunamshukuru mheshimiwa", na ukimuuliza barabara anayoisifu inaanzia duka gani na kuishia msikiti gani, anakata simu. Hatuwatukani wala kuwataja. Swali la mahali linatosha kuwaondoa, na yule mkazi wa kweli wa Jomvu, anayeijua barabara yake shimo kwa shimo, hupata zamu yake.

Jambo jingine lililonichukua muda kuliona ni wanawake. Saa moja asubuhi ni saa ya wanaume hewani: walioko kwenye matatu, kwenye boda, kijiweni na kahawa. Mwanamke saa hiyo anawatayarisha watoto, au anakaanga mahamri ya kuuza. Tukaanza kupokea ujumbe wa sauti kwa WhatsApp tangu usiku, tukautumia asubuhi kana kwamba ni simu, na mada zikabadilika zenyewe. Walizungumzia hati ya shamba iliyoandikwa jina la shemeji baada ya msiba. Walizungumzia daftari la deni dukani, zahanati isiyo na dawa. Mmoja alirekodi akiwa jikoni, mafuta yanachemka nyuma yake, akieleza vile mama yake alivyohama Likoni 1997 na watoto wanne na sufuria moja. Hakuwa amewahi kupiga simu redioni maisha yake yote. Tuliurudia ujumbe ule mara mbili kwa maombi ya wasikilizaji.

Kipindi kilichopata simu nyingi kuliko vyote tulivyofanya hakikuhusu mgogoro wa sasa. Tuliuliza tu: Agosti 1, 1982 ulikuwa wapi? Siku hiyo askari wa Jeshi la Anga waliteka Sauti ya Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Mombasa hii, kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Watu wa rika langu na zaidi wote walikuwepo siku ile, kwa sababu redio iliwafikia wote. Mvuvi alisema aliisikia ufukweni akakaa chini kwenye mchanga. Mwalimu alisema alichomfanya aamini ni sauti yenyewe: sauti ya Mbotela, aliyekuwa akituuliza kila wiki kama jambo fulani ni uungwana, haikuwa na kawaida ya kutudanganya. Mbotela alipofariki Februari 2025 tuliwafungulia simu tena, na watu hawakuzungumzia mapinduzi. Walizungumzia adabu yake, na jinsi wazazi wao walivyowaambia sema kama yule.

Sasa kinachonikosesha raha ni haya yote kupotea. Kompyuta ya studio hufuta vipindi vya zamani ili kupata nafasi, na sauti ya yule fundi wa bomba tuliiokoa kwa sababu mwenzangu alipenda ile habari ya ndovu akainakili kwenye simu yake. Tumeanza kuzihifadhi simulizi kwenye diski za pembeni, kila moja na jina la msimulizi akikubali, mtaa, kazi yake na mwaka anaouzungumzia. Wengine tunawafuata nyumbani, kwa sababu kupiga simu ni gharama na masikio ya wazee hayaelewani na spika za simu.

Tunaowatafuta kwa haraka zaidi ni waliofanya kazi bandarini kabla ya makontena, wale waliobeba magunia ya kahawa na marobota ya katani mgongoni, na watoto wa waliogoma 1947. Kama nyumbani kwenu yuko mmoja, usingoje siku ya mada yetu. Kaa naye baada ya alasiri, washa kinasa sauti cha simu yako, mwambie ataje jina lake na la baba yake, kisha muulize alipanda meli gani ya kwanza na siku ile alilipwa shilingi ngapi.